Maji baridi ya Rwenzori: Jifunze kuelea kabla ya kuvuka

Na Mwandishi Wetu, Kasese

KATIKATI ya jiji la Munich, nchini Ujerumani, kuna mfereji unaoitwa Eisbach, maana yake kijito cha barafu. Maji yake yanatoka mto Isar, ambao unashuka kutoka milima ya Alps. Karibu na daraja moja maji hayo yamekuwa yakijikunja na kufanya wimbi lisilohama, na tangu miaka ya 1970 vijana wa huko wamekuwa wakisimama juu ya mbao zao na kuteleza juu ya wimbi hilo, hata katika baridi ya Desemba. Jiji liliuhalalisha mchezo huo mwaka 2010.

Msomaji wa Bwera anaweza kuuliza: sisi na mchezo wa Munich wapi na wapi? Kinachotuunganisha nao ni maji. Yale ni maji ya mlimani, yana kasi na yana baridi. Haya ya kwetu, ya Lhubiriha, Nyamwamba, Mubuku na Nyamugasani, nayo ni ya mlimani, yana kasi na yana baridi. Tofauti ni kwamba kijana wa Munich huingia majini kwa hiari yake, akiwa amefundishwa na amevaa nguo maalumu. Mama anayetoka Kasindi na debe la mafuta ya mawese kichwani, anayeamua kuukwepa mlolongo wa Mpondwe na kupita majini, huingia bila somo na bila vazi, tena akiwa na haraka.

Makala haya hayamhimizi mtu kuvuka kwa njia za panya. Daraja la Mpondwe lipo, na kwa mwenye mzigo au mtoto hakuna njia salama kuliko hiyo. Lakini kila anayeishi kandokando ya mito hii anajua kwamba watu huingia majini: kufua, kuchota, kuvusha mbuzi, kufuata shamba la upande wa pili, au kukimbia hatari. Mwaka 2019, wakati wa ugonjwa wa Ebola, dunia nzima ilisikia jinsi mpaka huu ulivyo na vijia vingi visivyo na afisa wala kizuizi. Vijia hivyo havikuanza mwaka huo, na havikwisha baada yake. Basi ni afadhali mtu ajue maji yanamfanya nini kabla hayajamfanya.

Baridi hii inatoka wapi?

Wageni wengi hushangaa. Kasese iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta na jua lake la mchana ni kali. Mtu aliyetembea juani kutoka sokoni huona mto kama zawadi. Akitumbukia, anapigwa na baridi ambayo hakuitarajia.

Sababu ni kimo. Mji wa Kasese uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, katika mlima Stanley, kiko mita 5,109. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi zipatazo 6 za Selsiasi. Kwa hiyo siku ambayo mjini mnatoa jasho kwa nyuzi 28, kule juu maji yanaweza kuganda. Wakonzo wanaiita theluji hiyo Nzururu, na ndiyo iliyoupa mlima jina.

Maji ya theluji ya milima Stanley, Speke na Baker hushuka kwa Bujuku, yakaingia Mubuku, na kumalizikia katika ziwa George. Nyamwamba hupita Kilembe na mjini Kasese kuelekea ziwa hilo hilo. Nyamugasani na Lhubiriha huelekea ziwa Edward. Hata kijito kisichoguswa na barafu huanzia katika misitu yenye ukungu, ambako usiku ni wa kuvaa koti zito. Na kwa kuwa mteremko ni mkali, maji hufika bondeni upesi, kabla jua halijapata nafasi ya kuyapasha.

Wapo wanaosema kwamba barafu ya Rwenzori inakwisha, kwa hiyo baridi ya mito nayo itakwisha. Ni kweli kwamba barafu imepungua mno. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alipofika kileleni, barafu ilikadiriwa kuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 7.5. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu. Lakini baridi ya mto hailetwi na barafu peke yake. Mvua inyeshayo juu ya mita 3,000 ni baridi ikiwa na barafu au bila barafu, na mvua hiyo ndiyo inayoujaza mto kwa ghafla.

Dakika 1, dakika 10, saa 1

Watu wengi huamini kwamba maji baridi huua polepole, kwa kumgandisha mtu. Watafiti wanasema si hivyo. Wengi hufa mapema zaidi, wakiwa bado hawajapoa mwili.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, nchini Kanada, ambaye amejiingiza mwenyewe mara nyingi katika maji ya barafu ili kujipima, ameliweka somo hili katika tarakimu tatu rahisi: 1, 10, 1.

Dakika 1 ya kwanza ni ya mshtuko. Ngozi ikipigwa na baridi kwa ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila kutaka, kisha huanza kuhema mbiombio kama aliyekimbizwa. Moyo hupiga kwa nguvu na mishipa ya damu hujibana. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati wa pumzi ile ya kwanza, mtu huvuta maji badala ya hewa. Hapo hata mwogeleaji hodari anaweza kuzama akiwa mita chache kutoka ukingoni.

Dakika 10 zinazofuata ndizo za kutumia mikono. Damu inakimbia viungo vya nje kwenda kuulinda moyo, hivyo vidole vinakufa ganzi, mkono haushiki kamba, miguu inakuwa mizito. Lolote la kujiokoa lifanywe ndani ya muda huo.

Saa 1 ni muda ambao, katika maji baridi sana, mtu mzima anaweza kukaa kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa, mradi kichwa chake kiwe juu ya maji.

Tarakimu hizo zilipatikana kwa maji ya Kanada, ambayo ni baridi kuliko ya Bwera. Hata hivyo asijidanganye mtu. Mshtuko wa pumzi huanza hata katika maji yaliyo chini ya nyuzi 25, na huwa mkali kabisa kati ya nyuzi 15 na 10. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kwa takriban mara 25. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 18 ni asubuhi ya kawaida, lakini maji ya nyuzi 18 yanakutoa pumzi.

Mfa maji haachi kutapatapa

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walisema kweli kuhusu anachofanya mtu. Hawakusema kwamba kutapatapa kunamwokoa.

Taasisi ya uokoaji majini ya Uingereza, RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824, kwa miaka mingi ilikuwa ikiwahimiza watu wasikaribie hatari. Baadaye ilianza kuwafundisha jambo jingine: ukianguka majini, elea. Usiogelee kwanza, usipige kelele kwanza, usimfuate mtu. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tazama juu, tanua mikono na miguu, ipungie maji mikono polepole. Kaa hivyo mpaka pumzi irudi. Mshtuko hupita ndani ya dakika moja au zaidi kidogo. Ukishapita ndipo unaweza kufikiri, kuita na kuelekea ukingoni.

Ni somo jepesi kulisikia na gumu kulitenda, maana mwili unataka kinyume. Unataka kusimama wima, kupanda hewa kama ngazi. Mtu anayesimama wima majini ndiye anayezama. Ndiyo maana lazima lifanyiwe mazoezi mahali salama kabla ya siku ya hatari.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano upo. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha watoto, wakiwamo wasichana, kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote. Visiwani watu wamezungukwa na bahari, lakini wanawake wengi walikuwa hawajawahi kufundishwa kuelea. Kuishi kando ya maji si kuyajua maji, na hilo ni kweli Nungwi kama lilivyo kweli Bwera.

Jinsi ya kujifunza

Wanaoteleza juu ya mawimbi ya Atlantiki wakati wa baridi, huko Cornwall nchini Uingereza au Thurso nchini Uskoti, huingia katika bahari yenye nyuzi 10 au pungufu. Hawafanyi hivyo kwa wazimu. Dhoruba za msimu wa baridi ndizo zinazoleta mawimbi makubwa, na mwenye kutaka mawimbi huvumilia baridi. Tangu miaka ya 1950 wamesaidiwa na vazi la mpira wenye mapovu ya hewa, lililobuniwa na mwanafizikia Hugh Bradner wa California na kuenezwa na wafanyabiashara kama Jack O'Neill. Vazi hilo halizuii maji. Huruhusu maji kidogo yaingie, yakapashwa na mwili, na mpira huzuia joto lisitoke.

Sisi hatuna vazi hilo. Lakini wana jambo jingine ambalo halinunuliwi dukani: mazoea. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na wenzake wameonyesha kwamba mtu akiingia katika maji baridi mara 5 au 6 tu, dakika 3 kila mara, mshtuko wa pumzi hupungua kwa karibu nusu. Na faida hiyo hudumu kwa miezi kadhaa.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya hivi:

Chagua mahali penye maji yaliyotulia kando ya mto, yasiyozidi kiuno, ambapo chini panaonekana na hapana mkondo unaovuta. Iwe mchana, katika miezi ya kiangazi kama Januari na Februari au Juni na Julai, na mlima uwe wazi bila wingu jeusi. Usiende peke yako. Mwenzako abaki nchi kavu akiwa na kamba na jerikeni.

Siku ya kwanza usitumbukie. Jimwagie maji usoni, shingoni na kifuani. Ingia mpaka magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni. Pumzi ikikatika, simama hapo hapo. Puliza hewa nje kwa kinywa, taratibu, kama anayepoza uji. Mtu anayepuliza nje hawezi wakati huo huo kuvuta maji ndani. Hesabu pumzi 20, kisha toka.

Siku ya pili na ya tatu, chuchumaa mpaka maji yafike mabegani. Kaa dakika 2 au 3 na usizidishe. Siku ya nne, mwenzako asimame pembeni yako majini, akuwekee kiganja chini ya mgongo, nawe ulale chali. Masikio majini, macho juu. Atakapoondoa kiganja utaona kwamba maji yanakubeba. Rudia siku ya tano na ya sita. Kuogelea kutakuja baadaye.

Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, pumu au kifafa, pamoja na wajawazito, wasijaribu mazoezi haya bila kumwona daktari. Usimeze maji, hasa ya Nyamwamba, ambao unapita Kilembe kwenye mabaki ya mgodi wa shaba. Usifanyie mazoezi katika maji yaliyotuama karibu na maziwa, ambako kuna konokono wa kichocho. Na Mfereji wa Kazinga si mahali pa kujifunzia chochote: una wenyewe, nao ni viboko na mamba.

Jerikeni ya njano

Hakuna nyumba upande huu wa Uganda isiyo na jerikeni. Wachache wanajua kwamba ni boya zuri.

Jerikeni ya lita 20, ikiwa tupu na kifuniko kimekazwa, hubeba majini uzito unaokaribia kilo 19. Mtu aliye majini hahitaji kubebwa mwili wote, maana maji yenyewe yanaubeba sehemu kubwa. Anahitaji nguvu ya kilo 7 hivi ili kichwa kikae juu, na hicho ndicho kiasi cha maboya mengi ya kuvaa. Kwa hiyo hata jerikeni ya lita 10 inatosha. Ikumbatie kifuani, uilalie, usijaribu kuipanda.

Jerikeni iliyofungwa kamba ya mita 15 ndicho kifaa cha kwanza cha uokoaji ambacho kila kijiji cha kando ya mto kinaweza kuwa nacho bila kumsubiri mfadhili. Ukiona mtu anazama, usimrukie. Mfa maji hukukamata shingo mkazama wawili. Mpe tawi, au mrushie jerikeni na ushike kamba. Tia maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe kimoja au viwili, ili iweze kuruka mbali bila kupeperushwa na upepo.

Mzigo, kamba na mtoto wa mgongoni

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wasikilize kwa makini.

Nguvu ya maji yanayotembea haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inawaonya watu wake kwamba maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Maji ya kasi yakipita magoti, usiingie. Kama huna hiari, tafuta mahali mto ulipo mpana, kwani palipo pana mara nyingi pana kina kifupi. Epuka upande wa nje wa kona, ambako maji huchimba. Tazama kwanza kuna nini chini yako: mawe makubwa, mti ulioanguka au poromoko. Elekeza uso kule maji yanakotoka, shika fimbo imara mbele yako iwe mguu wa tatu, na sogeza kiungo kimoja kwa wakati mmoja. Usivue viatu, maana jiwe linalokata mguu ndilo linalokuangusha.

Ukianguka na kuchukuliwa, usijaribu kusimama katikati ya mkondo. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na hutanyanyuka. Wanaoshuka maporomoko ya Nile kule Jinja kwa vyombo vidogo hufundishwa jambo hili kabla ya kugusa kasia: lala chali, miguu itangulie, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, na tumia mikono kujisogeza pembeni.

Mzigo usifungwe mwilini kwa fundo. Uwe wa kuachiliwa kwa mkono mmoja. Wengine hujifunga kamba kiunoni wakidhani ni usalama, lakini kamba ikinasa, inamshikilia mtu chini ya maji. Huko Munich mwaka 2025, mtelezaji mmoja alifariki baada ya kamba ya ubao wake, inayofungwa mguuni, kunasa chini ya wimbi, na jiji likalifunga eneo hilo kwa muda. Hao ni watu wenye vifaa na uzoefu. Itakuwaje kwa mtu mwenye gunia?

Na mtoto. Mama aliyefunga mtoto mgongoni kwa kitenge hawezi kuelea chali bila kumweka mwanawe chini ya maji. Akielea kifudifudi, anazama yeye. Hakuna ufundi wa kulitatua hilo. Mwenye mtoto mgongoni njia yake ni daraja, hata kama foleni ni ndefu, hata kama siku ya soko inapita.

Jambo la mwisho ni waragi. Wapo wanaokunywa kidogo ili kupata joto kabla ya kuingia majini asubuhi. Joto hilo ni la uongo. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, na maji yakaichukua. Mnywaji anahisi moto huku anapoa haraka kuliko asiyekunywa, na akili ya kuchagua kivuko imekwisha kulegea.

Mto ulioondoka ukauacha

Kwa ndugu waliorejea kuna neno la pekee. Wapo waliokimbia mashambulizi ya Bwera na Mpondwe ya Novemba 1996 wakahamia mbali. Wapo waliokulia katika makazi ya wakimbizi kama Kyaka II, na leo wanarudi upande wa Beni au wanatafuta riziki mpakani. Wapo pia waliorudi kutoka Ulaya, ambako walijifunza kuogelea katika bwawa lenye maji ya vuguvugu na mwalimu mwenye filimbi.

Wa kwanza wanaukumbuka mto. Wanakumbuka jiwe la kukanyagia na mti wa kushika. Lakini tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukabeba mawe makubwa kama nyumba na kubadilisha njia yake. Mei 2020, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mafuriko ya namna hiyo huhamisha kina, hufukia vivuko na kufungua mashimo mapya. Kivuko ulichokijua ukiwa mtoto kinaweza kuwa leo shimo la kuzidi kimo chako. Waulize wanaochota maji hapo kila siku, usiiulize kumbukumbu yako.

Wa pili hawana kumbukumbu ya kuwadanganya, ila hawana uzoefu pia. Watoto wao ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu huwafuata wenzao waliozaliwa hapa, na wenzao wanajua wasichokijua wao.

Wa tatu wana ustadi, lakini ni ustadi wa bwawa. Bwawa halina mkondo, halina jiwe, na haliji mafuriko wakati jua linawaka. Mto wa Rwenzori unakuja hivyo. Mvua inanyesha juu milimani, Bwera ni kukavu, na ukuta wa maji uko njiani. Dalili zake ni hizi: maji safi yanageuka rangi ya kahawa ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, unasikia mawe yakigongana chini ya maji, au maji yanapungua kwa ghafla bila sababu, maana kuna kizuizi huko juu ambacho kitavunjika. Ukiona moja tu, panda juu. Usirudi kuchukua ndala.

Akitolewa majini

Mtu aliyetolewa majini akiwa hapumui hana muda wa kusubiri pikipiki. Usimning'inize kichwa chini, usimkandamize tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi kinywani mara 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, mpulizie mara 2, na uendelee hivyo huku mwingine akitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali ya Bwera au iliyo karibu zaidi. Hata akizinduka, apelekwe, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Aliyepoa lakini anapumua avuliwe nguo mbichi, akaushwe, afunikwe blanketi mpaka kichwani na alazwe. Asisuguliwe mikono na miguu, asiwekwe karibu na moto mkali, asipewe pombe. Akiwa na fahamu kamili, apewe chai ya moto yenye sukari. Asishangae mtu akiona anazidi kutetemeka baada ya kutoka: mwili huendelea kupoa kwa muda hata ukiwa nchi kavu.

Kazi ya nani?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Aprili 2021, uliitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya majini.

Tarehe hiyo kwetu huangukia kiangazi, wakati mito imeshuka na maji ni maangavu. Ingefaa sana shule za Kasese na Bwera, makanisa, misikiti na mabaraza ya miji waitumie kufanya jambo moja dogo: kuwalaza watoto wakubwa chali majini, chini ya uangalizi wa watu wazima, mpaka kila mmoja aweze kuelea dakika 2 bila kushikwa. Hakuhitajiki bwawa wala ubao wa Munich. Wazee wa kijiji wachague mahali, wanaume wawili wasimame na kamba, na jerikeni ziwe tayari.

Wenye mamlaka ya mpaka nao wana sehemu yao. Kadiri mlolongo wa Mpondwe unavyokuwa mfupi, na kadiri mama mwenye bidhaa chache anavyohudumiwa bila kuzungushwa, ndivyo watu wachache watakavyoshawishika kuingia majini. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tumesikia mengi kuhusu biashara huru. Mfanyabiashara mdogo atauamini uhuru huo siku atakapoona kwamba kupita darajani ni rahisi kuliko kupita mtoni.

Hadi siku hiyo, anayelazimika kuingia majini akumbuke mambo matatu kwa mpangilio huu: alale chali, apulize pumzi nje, aachie mzigo. Gunia la chumvi litapatikana tena sokoni wiki ijayo.